Je, Niuze Kiwanja Niwape Maskini?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, na ninauza vitenge na mashuka katika fremu ya kupanga Kariakoo, nikisaidiwa na kijana mmoja dukani na binti mmoja nyumbani. Mwaka huu nimemaliza kulipia kiwanja Chanika. Juzi kanisani lilisomwa lile neno la tajiri aliyeambiwa auze vyote awape maskini, na tangu siku hiyo sina amani. Jambo la pili, jirani yangu mjane alikwama kodi ya nyumba, nikampa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa fungu la kumi. Mzee wa kanisa aliposikia akaniambia nimemwibia Mungu. Je, Mkristo anaruhusiwa kuwa na mali? Niuze kiwanja? Na wale watoto wanaoomba kwenye taa za barabarani, niwape au nisiwape?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Nianze na majibu yenyewe ili usiendelee kukosa usingizi wakati ninaeleza sababu zake. Kiwanja usikiuze. Mungu hukumwibia. Hata hivyo, neno lililokuondolea amani usiharakishe kulinyamazisha, kwa maana lilisemwa ili limsumbue mwenye mali, na wanafunzi wenyewe walioachana na nyavu zao walipolisikia walishangaa mno.

Habari hiyo imo katika Injili ya Marko sura ya 10, na Mathayo na Luka nao wameiandika. Mtu mwenye mali nyingi anamwuliza Yesu afanye nini ili aurithi uzima wa milele. Anatajiwa amri, naye anajibu kwamba amezishika zote tangu utoto wake. Mambo mawili yamo kwa Marko peke yake. La kwanza ni kwamba katika kuzitaja amri Yesu aliongeza moja isiyomo katika zile kumi, inayokataza kumdhulumu mtu kilicho chake, hiyo tutairudia. La pili ni kwamba Yesu alimkazia macho, akampenda, ndipo akamwambia akauze alivyo navyo. Agizo lile halikutolewa kwa hasira dhidi ya matajiri. Lilitolewa na mtu aliyempenda yule aliyekuwa mbele yake, akaona ni kitu gani kimemfunga.

Wala Yesu hakumwagiza hivyo kila aliyekutana naye. Zakayo wa Yeriko alitamka kwa hiari yake kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kwamba aliowatoza kwa hila atawarudishia mara nne. Hakuambiwa aongeze nusu iliyobaki, aliambiwa wokovu umefika nyumbani kwake. Luka sura ya 8 inawataja Joana mke wa Kuza, Susana na wanawake wengine waliokuwa wakimhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao, jambo ambalo lisingewezekana kama kila mmoja wao angekwisha kuuza vyote siku alipoanza kufuata. Lidia wa Thiatira, ambaye kazi yake haikuwa mbali sana na yako, aliuza nguo za zambarau, na nyumba yake kule Filipi ndiyo iliyompokea Paulo na wenzake. Hata katika kanisa la kwanza la Yerusalemu, ambako waumini walishirikiana vitu vyote, Petro alimweleza Anania waziwazi kwamba shamba lilikuwa mali yake kabla hajaliuza, na kwamba fedha yake nayo ilikuwa katika uwezo wake baada ya kuliuza. Kosa la Anania na mkewe Safira lilikuwa kusema uongo.

Wahubiri wengi hufika hapa wakafunga Biblia kwa faraja, na wasikilizaji wenye mali hurudi nyumbani wamepona. Mimi siwezi kuishia hapo. Mwishoni mwa karne ya 2 aliishi Aleksandria, mji wa bandari na biashara kubwa huko Misri, mwalimu aitwaye Klementi, ambaye aliandika kitabu kizima juu ya habari hii hii, akiwajibu Wakristo wenye mali waliouliza kama mlango wa mbinguni umefungwa kwao. Hoja yake ni rahisi kueleweka: Bwana ameagiza tuwalishe wenye njaa na kuwavika walio uchi, na kama kila mtu angejivua kila kitu, nani angelisha na nani angevika? Kwake yeye mali ni chombo, na lawama ni ya moyo unaokitumia vibaya. Kisha katika nchi hiyo hiyo ya Misri, yapata mwaka 270, kijana Antoni aliyekuwa ameachiwa mashamba na wazazi wake aliingia kanisani wakati neno lile lile likisomwa, akatoka akagawa mashamba, akauza vilivyobaki, akaenda kuishi maisha ya sala, na leo anaitwa baba wa watawa. Kanisa limewaheshimu wote wawili, nami sidhani ni kwa sababu ya kutojua lichague lipi. Wapo wanaoitwa kuacha vyote, na wapo wanaoitwa kuwa na vitu huku mikono yao ikiwa wazi. Na hao wa pili, ambao ndio wengi, wanawahitaji wale wa kwanza ili wasisahau kwamba inawezekana kabisa kuishi bila vitu ambavyo wanadhani hawawezi kuvikosa.

Kwa barua yako, sioni wito wa Antoni. Naona hofu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu." Katika sura iliyotangulia aliwaeleza kwamba mchango wao kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu haukusudiwi wengine wapumzike wao wakaelemewa, shabaha ni usawa, wingi wa hawa ukiziba pengo la wale, na siku nyingine iwe kinyume chake. Ukiuza kiwanja na mtaji wa fremu, utalisha watu kwa miezi michache, kisha wewe na watoto wako mtaingia katika foleni ile ile ya wahitaji, na mjini kwetu njia ya kwanza inayomfungukia mama aliyekwama ni mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu. Anayetoa chanzo kinachomwezesha kutoa ajiulize kwanza atamtegemea nani kesho. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unasema kwa ukali kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani.

Basi kama kiwanja kinabaki, ni kitu gani kinachodaiwa? Hapa hakuna aliyesema kwa uwazi kuliko Basili, askofu wa Kaisaria katika Kapadokia, eneo ambalo leo liko Uturuki. Karibu na mwaka 369 ukame ulileta njaa kali huko, wenye maghala wakashikilia nafaka wakingoja bei ipande, na Basili alisimama akafundisha. Mfano wa tajiri mpumbavu katika Luka sura ya 12, yule aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, aliufafanua kwa maneno ambayo Wakristo hawajayasahau: mkate unaouzuia ni wa mwenye njaa, vazi ulilolifungia sandukuni ni la aliye uchi, viatu vinavyooza kwako ni vya asiye na viatu. Nje ya mji akajenga makao ya maskini na wagonjwa, wakiwemo wenye ukoma ambao watu waliwakimbia. Yapata miaka ishirini baada ya njaa ile, padre Yohane Krisostomo, akihubiri katika mji wa Antiokia juu ya mfano wa Lazaro na tajiri, alifika mahali pa kusema kwamba kutowashirikisha maskini mali zetu ni kuwaibia. Angalia kwamba katika mfano ule Yesu hakumshtaki tajiri kwa wizi wowote. Lazaro alilala mlangoni pake, naye akala na kushiba kana kwamba hakuna mtu pale.

Mafundisho ya hao wawili yanageuza swali. Wengi tunauliza tunaruhusiwa kubaki na kiasi gani. Wao wanauliza kile kilichozidi kwetu kinamsubiri nani. Kiwanja kimoja cha kuwajengea watoto si ziada, hasa katika mji ambao mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kumtoa mpangaji akitaka. Lakini siku utakapokuwa na kiwanja cha tatu na cha nne, umeviweka tu vingoje bei ipande, wakati ndani ya jumuiya yenu kuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare, maneno ya Basili yatakuwa yanakuhusu wewe kwa jina. Nguo zisizovaliwa na akiba isiyo na kazi iliyokusudiwa zinakuhusu hata leo. Sina kipimo cha asilimia cha kukupa, wala simwamini sana anayekigawa kwa wote, kwa kuwa mjane wa Marko sura ya 12 alitoa senti mbili, na kipimo cha Yesu kilikuwa kile kilichobaki mfukoni mwake.

Sasa nirudi kwenye ile amri ya kutomdhulumu mtu. Katika barua yako umetaja kwa kupita kijana wa dukani na binti wa nyumbani, bila kusema unawalipa nini. Sina sababu ya kukudhania vibaya, lakini ningekosa uaminifu kama ningeruka hapo, kwa sababu katika Biblia haki ya mfanyakazi huja kabla ya sadaka. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza kibarua maskini alipwe ujira wake siku hiyo hiyo, kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake unautazamia huo. Yakobo anawaambia matajiri kwamba ujira waliouzuia kwa hila unapiga kelele. Fikiri jinsi mambo yanavyokwenda pale Kariakoo jioni fremu zinapofungwa: mauzo yamehesabiwa, kitenge kimoja hakionekani, na bila kuulizwa sana kijana anakatwa bei yake ya rejareja katika posho yake, naye anapanda daladala kwenda Mbagala akiwa na nauli tu. Au binti wa kazi anaambiwa mshahara wake "unatunzwa", na ikifika Desemba anataka kwenda kwao, hesabu haieleweki. Wapo Wakristo wanaotoa bahasha nene Jumapili huku wana madeni ya namna hii nyumbani kwao, na kwa maoni yangu bahasha hiyo haijawa sadaka bado. Ni fedha ya mtu mwingine. Kama hesabu za hao wawili ziko sawa, mshukuru Mungu na uendelee hivyo. Kama kuna kipande kinachodaiwa, anza nacho kabla ya mjane na kabla ya kanisa.

Kuhusu fungu la kumi, mzee wako wa kanisa bila shaka alikuwa na Malaki sura ya 3 akilini, panaposema "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Ni andiko zito, nami silipunguzi. Ila mistari michache kabla yake, katika sura hiyo hiyo, Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomwonea mwajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Andiko halikatwi katikati. Tena torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 14, iliagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iwekwe ndani ya malango ya mji, ili waje wale washibe Mlawi asiye na urithi, mgeni, yatima na mjane. Mjane yumo ndani ya zaka tangu mwanzo. Naye Yesu aliwakemea Mafarisayo waliolipa zaka za mnanaa na bizari na jira wakaacha adili, rehema na imani, na mahali pengine aliwakemea waliomwacha mzazi bila msaada kwa kisingizio kwamba mali imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu.

Kanisa la kale lilijua hilo kwa vitendo. Yustino, mwalimu Mkristo aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza kwamba katika ibada ya Jumapili wenye nacho na wenye kupenda hutoa kila mmoja kadiri atakavyo, na kinachokusanywa hukabidhiwa kiongozi, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mwaka 303, wakati wa mateso, maofisa wa serikali ya Roma waliingia kanisa la Cirta, mji ulioko katika Algeria ya leo, wakaandika kila walichokikuta. Vilikuwemo vikombe viwili vya dhahabu na sita vya fedha, lakini orodha ikaendelea: kanzu 82 za kike, kanzu 16 za kiume, jozi 47 za viatu vya kike na jozi 13 za viatu vya kiume. Hiyo ilikuwa stoo ya maskini, hasa wanawake, na ilikuwa ndani ya kanisa lenyewe. Ninatamani kila usharika na kila parokia ya Dar es Salaam iwe na stoo ya namna hiyo, na ikaguliwe kwa bidii ile ile inayotumika kukagua daftari la ujenzi.

Sisemi hayo ili uache kutoa kanisani. Mchungaji anakula na ana watoto, umeme unalipiwa, paa linavuja, na madhehebu yana taratibu tofauti kuhusu fungu la kumi ambazo mshirika mwema huziheshimu. Kama uliandika ahadi kwenye bahasha yako, timiza ahadi hiyo hata kwa awamu, kwa maana Mhubiri anasema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Nenda kwa mzee huyo kwa heshima, umweleze jinsi mjane alivyokwama, kisha umwulize kanisa lenu linatenga kiasi gani kwa wajane na linawapata kwa utaratibu gani. Ni swali halali la mtoaji. Yohane Krisostomo aliwauliza waumini wake kuna faida gani meza ya Kristo ijae vikombe vya dhahabu ilhali Kristo mwenyewe anakufa kwa njaa mlangoni. Aliwaambia wamlishe kwanza mwenye njaa, kisha wapambe meza kwa kinachobaki. Mpangilio huo wa kwanza na baadaye ndio ninaoushikilia mimi pia.

Watoto wa kwenye taa. Katika maandiko ya kale yaitwayo Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambayo wataalamu wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, kuna maagizo mawili yanayofuatana: mpe kila akuombaye, na sadaka yako itoke jasho mikononi mwako mpaka ujue unampa nani. Wakristo wa mwanzo waliyaweka pamoja, nasi tuyaweke pamoja. Mzee kipofu au mtu mwenye ulemavu anayeomba, mpe ulicho nacho bila kumhoji. Mtoto wa miaka saba anayegonga kioo saa tatu usiku ni jambo jingine, kwa sababu mara nyingi kuna mtu mzima kivulini anayepokea zile sarafu, na kadiri barabara inavyolipa ndivyo mtoto anavyokaa barabarani. Mpe chakula, mpe maji, mwite mwanangu na umwulize jina. Ukiwa na taarifa kwamba anatumikishwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka jamii itoe taarifa kwa serikali za mitaa. Ofisi ya mtaa inaweza kukuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Kufuatilia huko kunachosha kuliko kushusha kioo na kutoa shilingi mia tano, na ndiyo maana wachache hufanya.

Mwisho, mjane wako. Yeye ndiye uliyepewa, kwa kuwa unamfahamu, unajua anaamka saa ngapi na watoto wake wanasoma wapi. Kodi uliyomsaidia itaisha, na baada ya miezi sita atakwama tena kama hakuna kilichobadilika. Zungumza na jumuiya yenu ili mzigo usiwe wako peke yako. Watu kumi wakichangia kidogo kidogo kila mwezi, wataweza kumfikisha penye kodi inayofuata, na wewe unayejua biashara unaweza kumsaidia kuanzisha kitu anachokiweza, iwe chapati asubuhi au vitenge vichache vya kutembeza kwa mali kauli. Kutoka sura ya 22 inakataza kumtoza riba maskini, kwa hiyo usimwingize kwenye kikoba chenye riba kabla hajasimama. Jambo hilo lisitangazwe kanisani wala apigwe picha akipokea. Yesu aliagiza mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na kutoa ni moyo. Na ile fedha ya kodi uliyokwisha kumpa, mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba ni zawadi na wala si deni, ili asiwe anakukwepa mkikutana dukani.